Zana ya GDB mikononi mwa wakala wa akili mnemba: maelezo yake yaandikwe vipi?

Swali: Huduma yetu ya malipo imeandikwa kwa C++ na inaendeshwa kwenye Linux, ndani ya Kubernetes (mfumo unaoendesha huduma ndani ya vifurushi viitwavyo kontena). Nimetengeneza zana ndogo inayoizunguka GDB (programu ya kutafutia hitilafu ndani ya programu nyingine) ili wakala wa akili mnemba aweze kuchungulia ndani ya huduma inapokwama usiku. Zana yenyewe inafanya kazi. Sasa nimeambiwa niiandikie maelezo ili wakala aitumie bila kutuharibia kitu. Nimenakili ukurasa wa msaada wa GDB na kuongeza juu yake sentensi moja: "Kuwa mwangalifu, hii ni huduma hai." Je, inatosha? Na niandike kwa Kiswahili au kwa Kiingereza? (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Ndugu yangu, haitoshi, na nimefurahi umeuliza kabla zana haijafika kwenye seva zinazohudumia wateja.

Ukurasa wa msaada wa GDB si mbaya. Richard Stallman alianza kuiandika GDB mwaka 1986, na maelezo yake yamenolewa tangu hapo. Lakini yameandikwa kwa ajili ya mtu aliyeketi mbele ya terminali. Mtu huyo anajua kwamba prosesi (programu inayoendeshwa) namba 4127 ndiyo inayopokea malipo, anajua ni mwisho wa mwezi na mishahara inaingia, na akiona skrini imenyamaza roho inamruka. Kwa hiyo maelezo humwambia amri ni ya kazi gani, mengine yakaachwa kwake. Wakala hana hayo mengine. Anajua ulichoandika na kile ambacho zana inamrudishia, basi. Maelezo yako ndiyo yabebe yale ambayo fundi huyajua bila kuambiwa, na la kwanza kati ya hayo ni hili: kila amri inaifanyia nini prosesi iliyo hai, na inaiacha katika hali gani.

Chukua amri inayoonekana haina madhara kabisa, `attach`. GDB hutumia mwito wa mfumo uitwao `ptrace`. Ikishajishikiza, kwa mpangilio wake wa kawaida nyuzi zote za prosesi (mikondo ya kazi inayokwenda sambamba ndani yake) husimama, na hubaki zimesimama hadi uagize `continue` (endelea) au `detach` (jiachishe). Fundi mzoefu hujishikiza, huchukua `bt` (rundo la miito, yaani orodha ya fankisheni zilizoitana hadi hapo), hujiachisha, mambo ya sekunde chache. Wakala hujishikiza, husoma, hufikiri, huuliza kitu kingine, hufikiri tena, na muda wote huo huduma imeganda. Kwenye Kubernetes, ukaguzi wa uhai wa kontena (`livenessProbe`), ukiachwa na mipangilio yake ya kawaida, huuliza kila baada ya sekunde 10, husubiri jibu kwa sekunde 1, na ukishindwa mara 3 mfululizo kontena huanzishwa upya. Yaani takriban nusu dakika ya kufikiri yatosha kuiangusha huduma. Na hapo ndipo uchunguzi wenyewe unapopotoka: wakala anaona prosesi imetoweka, anaandika kwenye ripoti kwamba hitilafu imeiangusha, kisha anaanza kusaka sababu ilhali sababu ni yeye.

Sentensi yako ya "kuwa mwangalifu" haigusi lolote kati ya haya, kwa sababu haisemi awe mwangalifu juu ya nini. Andika kitu cha namna hii badala yake:

> `picha_ya_nyuzi`: Hujishikiza kwenye prosesi, huchukua rundo la miito la kila uzi, kisha hujiachisha. Huduma YOTE husimama wakati amri inaendelea, wateja husubiri. Amri ikirudi, huduma imeshaendelea na kazi. Hakuna kinachobadilishwa kwenye kumbukumbu. Ikipita sekunde 5, zana hujiachisha yenyewe na kurudisha `HALI: imeachiwa, matokeo hayajakamilika`. Usiirudie kabla ya dakika moja kupita.

Athari imetangulia, faida ikafuata. Nyuma ya pazia amri hiyo ni mstari mmoja tu: `gdb -nx -batch -p 4127 -ex 'thread apply all bt'`. Inaingia, inachukua, inatoka, na hakuna nafasi ya kufikiri katikati. Hiyo `-nx` inaizuia GDB kusoma mafaili ya mwanzo kama `.gdbinit`, ili asije mtu akawa ameacha humo amri zinazoendeshwa bila wewe kujua. Kwa maoni yangu, zana ya wakala isitoe kabisa kikao kilichoachwa wazi juu ya prosesi hai.

Sasa tuje kwa `print`, kwa sababu ndiyo inayowaponza wengi. Jina lake linamfanya kila mtu, binadamu au wakala, aamini kwamba inasoma tu. Si kweli. `print salio` inasoma. `print salio = 0` inaandika sifuri kwenye kumbukumbu ya huduma hai, na inatosha mtu kusahau alama moja ya usawa alipokusudia kulinganisha. `print hesabu_salio(akaunti)` inaiendesha fankisheni hiyo ndani ya prosesi yenyewe: ikiwa inaandika kwenye hifadhidata, imeshaandika, ikiwa inahitaji kufuli la msimbo (lock) ambalo uzi huo huo tayari umelishika, itakwama na kikao kitakwama nayo. Hata `print orodha.size()`, ambayo mwandishi yeyote wa C++ angeiona ya kawaida, ni mwito wa fankisheni.

GDB ina makufuli ya kuzuia haya, na wachache huyatumia. `set may-call-functions off` inakataza kuendesha fankisheni za programu. `set may-write-memory off` na `set may-write-registers off` zinakataza kuandika. `set may-insert-breakpoints off` inakataza kuweka brekipointi (alama ya kuisimamisha programu ifikapo mahali fulani). Ziweke kwa `-iex`, si kwa `-ex`, maana `-p` hujishikiza kabla ya amri za `-ex` kusomwa, nawe unataka mlango ufungwe kabla mtu hajaingia. Kisha maelezo yaseme waziwazi njia mbadala, kwa mfano: "Ukubwa wa vekta usiusome kwa `.size()`, omba `thamani` ya vekta yenyewe, matokeo yataonyesha urefu wake." Ukimnyima wakala njia bila kumpa nyingine, ataitafuta.

Hapa nina msimamo mkali kidogo. Jambo lolote ambalo likitokea litawaumiza wateja lisitegemee maelezo peke yake. Maandishi huelekeza, kufuli huzuia. Ukimpa wakala nafasi ya kutuma mstari wowote kwa GDB, umempa mashine nzima, kwa sababu GDB ina `shell`, ina `!`, ina `pipe`, ina `python`, ina `source`. Anaweza pia kuandika `set may-call-functions on` na kulifungua kufuli lako. Usijaribu kuorodhesha amri za kukataza, kwani GDB hukubali vifupisho vya amri na orodha yako haitafika mwisho. Fanya kinyume chake: toa amri chache zenye majina yako mwenyewe, kama `picha_ya_nyuzi`, `fremu` na `thamani`, na kila moja ipokee vigezo vinavyokaguliwa. Kigezo cha `thamani` kiwe jina la kigeu, nukta, mshale, na namba ndani ya mabano ya mraba. Mabano ya mviringo na alama ya usawa yarudishwe mlangoni.

Halafu kuna njia ya nyuma. Wakala aliyekataliwa na zana yako, akiwa na terminali, ataita `gdb` moja kwa moja. Hafanyi hivyo kwa ubaya, anajitahidi kumaliza kazi aliyopewa. Kwa hiyo akaunti anayotumia isiwe na `CAP_SYS_PTRACE` (ruhusa ya kujishikiza kwenye prosesi nyingine), na mpangilio wa kerneli (kiini cha Linux) ulio kwenye `/proc/sys/kernel/yama/ptrace_scope` usiwe 0. Ukiwa 1, prosesi ya kawaida inaweza kujishikiza kwa watoto wake tu. Ukiwa 2, ni mwenye mamlaka ya usimamizi peke yake. Zana yako iendeshwe kama huduma tofauti yenye ruhusa hiyo, wakala aiombe tu.

Ujumbe wa kukataa nao ni sehemu ya maelezo, na pengine ndiyo sehemu inayosomwa kwa makini kuliko zote, kwa sababu humfikia wakala wakati anaouhitaji. Linganisha `Kosa: amri si halali` na huu:

> Imekataliwa: usemi una mwito wa fankisheni, nao ungeendeshwa ndani ya huduma hai. Huduma haijaguswa. Ili kuona vitu vilivyomo kwenye orodha, tumia `thamani orodha`. Ikiwa bado unahitaji kuendesha fankisheni, simama hapa na umwombe mtu wa zamu. Hakuna njia nyingine iliyoruhusiwa.

Sentensi ya pili hapo, "Huduma haijaguswa", ni muhimu sana. Bila hiyo wakala hajui kama amri ilifanyika nusu, na akiwa na shaka atajaribu "kurekebisha".

Kuna ulinzi mwingine ambao binadamu anao na wakala hana. GDB huuliza kabla ya mambo makubwa: unataka kweli kuiua prosesi hii, ndiyo au hapana? Lakini ingizo lisipotoka kwenye terminali, GDB hujijibu ndiyo yenyewe na kuandika kwamba imejibu hivyo. Kwenye `-batch` hali ni hiyo hiyo, maana maswali ya uthibitisho yamezimwa. Kwa hiyo `kill` ambayo kwa fundi ina hatua mbili, kwa wakala ina moja. Vilevile `quit` ina sura mbili: ikiwa GDB ilijishikiza kwenye prosesi iliyokuwepo, huiachia iendelee, ikiwa GDB ndiyo iliyoianzisha kwa `run`, huiua. Tofauti hiyo iandikwe. Na katika maelezo yote chagua kitenzi kimoja cha kusimamisha kwa muda na kingine cha kuua, usivichanganye hata mara moja.

Ukiwahi kuruhusu brekipointi kwenye prosesi hai (mimi nisingeruhusu), fahamu namna zana inavyokatishwa. Kwenye vichakato vya x86, GDB huweka brekipointi kwa kuandika baiti `0xCC` juu ya msimbo. GDB ikiuawa ghafla kwa ishara ya `KILL` wakati huduma inatembea, baiti hiyo inabaki pale. Uzi wowote utakaofika mahali hapo utapata ishara ya `SIGTRAP`, na kwa kawaida prosesi nzima itakufa, pengine muda mrefu baada ya wakala kuondoka. Kikomo cha muda kianze na `TERM` (ishara ya kuiomba ijifunge yenyewe), GDB ipate nafasi ya kusafisha.

Upande wa kusoma matokeo, tatizo ni tofauti: mawakala hawapendi pengo. Wakiona `<optimized out>`, wengine hukisia thamani kutokana na msimbo kisha huendelea kana kwamba wameiona. Andika kwamba maana yake ni kuwa kompaila haikuitunza thamani hiyo mahali hapo, na kwamba hatua halali ni kupanda fremu ya juu (yaani fankisheni iliyoiita hii) au kusema "haijulikani". Andika pia kwamba GDB huonyesha vipengele 200 tu vya safu au maandishi isipoambiwa vinginevyo, kisha huweka nukta tatu. Wakala asiyejua atadai ombi lilifika nusu kwenye seva, kumbe lilifika zima, onyesho ndilo lililokatwa. Fremu zenye `??` maana yake mara nyingi ni kwamba taarifa za dibagi (majina na mistari ya msimbo inayohifadhiwa kwa ajili ya kutafuta hitilafu) hazipo au hazilingani na programu inayoendeshwa. Asizipe majina ya kubuni. Afadhali zaidi, zana yenyewe iongeze maneno `imekatwa na onyesho` kila inapokata.

Sasa suala la yaliyomo. Kumbukumbu ya huduma ya malipo ina majina ya watu, namba za simu, salio, funguo za siri. Kila `thamani` inayorudi kwa wakala inakwenda kwenye modeli (akili mnemba yenyewe), na huenda modeli iko kwenye seva za nchi nyingine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ndani yake kuna masharti kuhusu kusafirisha taarifa nje ya nchi. Zungumza na mwanasheria wa kampuni kabla ya kuiwasha zana, kisha fanya uchujaji ndani ya zana: sehemu kama `nywila`, `namba_ya_simu` na `tokeni` zirudi zikiwa zimefichwa, na maelezo yaseme kwamba zimefichwa makusudi ili wakala asidhani kumbukumbu imeharibika.

Jambo la pili kuhusu yaliyomo ni kwamba baadhi ya maandishi yaliyo kwenye kumbukumbu yameandikwa na watu wa nje. Mteja anaweza kujaza kwenye sehemu ya "sababu ya malipo" maneno yanayomwamuru wakala afanye jambo fulani. Wakala akiyasoma kupitia GDB, anaweza kuyachukua kama maagizo. Weka alama dhahiri kabla na baada ya data, na kwenye maelezo sema kwamba kilicho kati ya alama hizo ni ushahidi tu, hakiamuru chochote. Hilo hupunguza hatari, haliiondoi. Ndiyo maana nimesisitiza makufuli kwanza.

Baada ya yote hayo, maelezo yampeleke wakala kwanza mahali pasipo na wateja. Ikiwa huduma imeshaanguka, kwenye mashine inayotumia systemd (programu inayosimamia huduma za Linux) kwa kawaida kuna faili la nakala ya kumbukumbu ya prosesi (core dump) linaloweza kufunguliwa kwa `coredumpctl debug`. Ikiwa bado inatembea lakini imekwama, `gcore` huchukua nakala ya kumbukumbu yake. Huisimamisha wakati inaandika, na kadiri prosesi inavyokuwa kubwa ndivyo inavyochukua muda, hivyo aamue mtu. Nakala hiyo wakala anaweza kuichokonoa asubuhi hadi jioni, hakuna malipo yatakayoganda. Kumbuka tu kwamba ina siri zote za prosesi, ilindwe kama hifadhidata. Na kwa hitilafu inayoweza kurudiwa kwenye mashine ya majaribio, kuna `rr`, iliyoanzia Mozilla: hurekodi mwendo wa programu, kisha huurudia vilevile kila mara. Ukiita fankisheni wakati wa marudio, huendeshwa pembeni na athari zake hutupwa. Kwa wakala anayejifunza kwa kujaribu, sijaona mahali panapomfaa zaidi.

Ikiwa unaitoa zana kupitia MCP (Model Context Protocol), itifaki ya kuunganisha modeli na zana iliyotangazwa na Anthropic mwishoni mwa mwaka 2024, kila zana inaweza kubeba vidokezo kama `readOnlyHint` na `destructiveHint`. Vijaze kwa ukweli. Kwa prosesi hai, mimi nisingeitangaza `picha_ya_nyuzi` kuwa ya kusoma tu, kwa sababu inasimamisha huduma hata kama haiandiki chochote, na baadhi ya programu huruhusu za kusoma tu zipite bila kumwuliza mtu. Itifaki yenyewe inasema vidokezo hivyo havipaswi kuaminiwa kutoka seva isiyoaminika, kwa hiyo usivitegemee kama kufuli. Maonyo makuu uyaweke kwenye maelezo ya kila zana, kwani wakala anaweza asifungue kamwe faili lako la README.

Kuhusu lugha: andika kwa lugha ambayo timu yako itaisoma na kuibishia. Kama mnajadiliana kwa Kiswahili, andika Kiswahili. Modeli kubwa za sasa zinakielewa, na mtu wa zamu saa nane usiku naye anapaswa kukielewa. Ujumbe wa GDB wenyewe uache kama ulivyo, herufi kwa herufi, ili wakala autambue akikutana nao. Na urefu uwe ukurasa mmoja au mmoja na nusu. Mengine yaende faili la pembeni.

Kisha yajaribu. Tengeneza programu ndogo yenye nyuzi mbili zilizoshikana makufuli, kila moja ikisubiri la mwenzake, na uiwekee ukaguzi wa uhai ulio sawa na wa huduma yenu. Mpe wakala maelezo hayo tu, bila msaada mwingine, na umwache atafute. Tazama logi zake, hasa pale anaporudia amri au anapojaribu kupita pembeni. Mahali hapo ama sentensi haikueleweka ama zana ina pengo, na mara nyingi ni la pili. Katikati ya kazi mkatishe umwulize: prosesi iko katika hali gani sasa hivi, inatembea, imesimama, au imekufa, na umejuaje? Asipoweza kujibu kwa kunukuu matokeo ya zana, ongeza mstari wa `HALI:` mwishoni mwa kila jibu ambalo zana inarudisha, uanze jaribio upya.